Shahidi Ambaye Mahakama Haiwezi Kumwita

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Tanga. Wanachama kadhaa walikuwa msibani Pangani, wengine safarini, nao wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyonitoka, isipokuwa salamu, ambazo zilikuwa ndefu zaidi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shekhe wetu, mchungaji wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wanachama: assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na ninyi mliojibanza kule nyuma karibu na sufuria za pilau, hamjambo?

Nilipoingia getini mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Bi Hakimu, leo umetuletea nini?" Nikamwambia nimeleta habari za wosia. Akauachia mkono wangu kama aliyeshika kaa la moto. "Yarabi! Usituchurie mchana kweupe!"

Basi tuanzie hapo hapo kwenye kuchuria. Nani hapa ana pikipiki au gari aliyoikatia bima? Inueni mikono. Wengi. Je, mlijichuria ajali? Na mama zangu, nani kati yenu ana sanda kabatini? Hamtainua mikono, lakini najua mpo, maana na mimi ninayo. Sanda tumeinunua, tumeifukiza udi, mabinti tumewaonyesha ilipo. Karatasi ya kusema nyumba iwe ya nani, hiyo ndiyo inayotuchuria?

Mimi nimekaa kwenye kiti cha Mahakama ya Mwanzo miaka 27. Nimesikiliza kesi za matusi, madeni, talaka, mbuzi waliokula mihogo ya jirani. Kesi ya kuku wa wizi, wanakuja wote: mwenye kuku anakuja, mwizi analetwa, na kuku mwenyewe analetwa kama kielelezo, miguu imefungwa kamba, anatuchafulia meza. Lakini kesi ya mirathi? Anakuja mjane, wanakuja watoto, wanakuja ami na shangazi, wanakuja hata majirani wasiohusika. Anayekosekana ni mmoja tu, na ndiye peke yake anayejua. Karani anaweza kusimama mlangoni akaita majina mpaka sauti imkauke. Shahidi mkuu haitiki.

Nisikilizeni vizuri hapo. Shahidi mkuu haitiki. Hakimu anabaki kupima maneno ya watu ambao kila mmoja ana sababu ya kusema alivyosema. Kwa hiyo mimi nikisema wosia, sisemi kugawa mali. Nasema kuacha ushahidi, ukiwa bado una pumzi ya kuutoa.

Lakini ushahidi nao una namna yake.

Katika miaka yangu ya mwanzo kazini walikuja watoto wa fundi seremala mmoja. Marehemu alikuwa mtu wa bara, alikuja akiwa kijana kwenye mashamba ya mkonge, akaacha mkonge akashika randa. Aliacha wake wawili, watoto tisa, nyumba mbili na karakana. Na wosia alikuwa ameandika! Nikafurahi. Mtoto mkubwa akautoa kwenye mfuko wa nailoni: daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikalifungua, likanukia gundi ya mbao. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka kana kwamba kaipimia rula. Tatizo ni kwamba fundi yule, kama mafundi wengi, alikuwa na kalamu moja tu maishani mwake: ile bapa, nyekundu, inayochomekwa nyuma ya sikio. Wosia mzima kauandika kwa kalamu ya risasi.

Palikuwa na mstari unaosema mke mdogo apewe vyumba 3 vya uani. Ile 3 ilikuwa imekolea kuliko tarakimu nyingine zote kwenye ukurasa. Nikaenda nalo dirishani, nikainua karatasi kwenye mwanga. Chini ya ile 3 kulikuwa na kivuli cha namba nyingine. Mimi niliona 2. Mzee wa baraza wa kulia kwangu aliona 5. Wa kushoto alisema haoni kitu, miwani kaisahau nyumbani.

Nani alifuta? Marehemu mwenyewe, baada ya kubadili nia? Mmoja wa watoto? Mmoja wa wake? Ufutio hauachi sahihi, ndugu zangu. Sheria ya mila kuhusu wosia, ile iliyotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali namba 436, inataka wosia uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe taipu. Nilipoisoma chuoni niliiona kama ubishi wa wanasheria. Siku ile pale dirishani nikaielewa.

Wosia ule haukusimama. Mirathi ikaenda kama mtu ambaye hakuandika neno. Na mnajua aliyelia ni nani? Alilia mke mkubwa, ambaye uamuzi ulimwangukia upande wake. Alisema, "Sasa hatutajua alitaka nini." Akatoka nje, akakaa chini ya mwembe wa mahakama mpaka jua likageuka.

Kwa hiyo, mambo ya karatasi nayasema haraka, mtayakuta kwa katibu. Wino. Tarehe. Jina lako kamili, na useme kwamba akili zako ni timamu na hukulazimishwa. Sahihi yako, na kama hujui kuandika, dole gumba la mkono wa kulia. Mashahidi waone ukitia sahihi, na wao watie palepale, siyo karatasi izungushwe mtaani kama kadi ya mchango wa harusi. Kwa sheria ya mila, ukiwa unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Usipojua, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie. Na anayerithi asiwe shahidi. Nimeona wosia safi kabisa ukitiliwa shaka kwa sababu shahidi wa kwanza ni kitinda mimba aliyepewa shamba.

Wosia wa mdomo upo? Upo. Kwa mila unataka mashahidi wanne. Wenzetu hapo ng'ambo ya Horohoro, Kenya, sheria yao inataka mashahidi wawili, na kwa raia wa kawaida aliyeusema lazima afariki ndani ya miezi mitatu. Ukipona ukaingia mwezi wa nne unakunywa chai, wosia wako umekwisha. Mimi sikushauri wa mdomo. Mashahidi wanne wa mdomo nimewahi kuwasikiliza siku moja. Nilipata wosia minne.

Sasa kuna swali huwa linaulizwa baadaye, wakati linatakiwa kuulizwa mwanzo: mali yako itafuata sheria ipi? Maana nchi hii tuna njia tatu. Kuna mila. Kuna sheria ya Kiislamu. Na kuna ile ya serikali ambayo, msicheke, ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, India. India wenyewe waliiacha wakatunga nyingine mwaka 1925, sisi ya kwao ya zamani tunayo. Mahakama inaangalia mtu aliishi vipi: dini yake, ndoa yake, kama alishika mila za kwao au alikwishaziacha. Mkristo wa mjini ambaye hata matambiko ya kwao hayajui anaweza kujikuta, baada ya kufa, ndugu wanamrudisha kwenye mila kwa sababu mila inawafaa wao. Andika. Sema wewe ni nani na uliishi vipi. Na ninyi vijana wa sheria hiyo ya India, jihadharini: ukiandika wosia leo, kesho ukafunga ndoa, ule wosia umekufa siku ya harusi. Unaandika mwingine.

Shekhe wetu yupo hapa, atanisahihisha nikiteleza. Waislamu wenzangu wengi hunijibu, "Bi Hakimu, sisi hatuhitaji wosia, mafungu yamo kwenye Qur'ani." Kweli yamo, Sura ya Nisaa. Mke na watoto wakiwapo, mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Hayo hayana mjadala. Lakini kuna theluthi moja ambayo umeachiwa wewe uusie. Sahaba Saad bin Abi Waqqas aliugua, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, atoe theluthi mbili? Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Theluthi? Akaambiwa: theluthi, na theluthi ni nyingi.

Sasa hiyo theluthi ni ya nani? Mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Ni ya wale ambao mafungu hayawafikii. Na hapa nataka niwasimulie habari ya mzee mmoja mvuvi.

Mzee huyu alikuwa na mashua mbili, na watoto wa kiume watatu. Yule wa kati alifariki kabla ya baba yake, akaacha vijana wawili wadogo. Babu akawachukua. Wakakulia kwenye mchanga ule, wanashona nyavu, wanakumba maji ya ngama, wanaamka saa tisa usiku naye. Kila mtu pwani aliwaita watoto wa mzee. Mzee akafa. Tukakaa mahakamani, na ami zao wawili wapo. Mjukuu ambaye baba yake ametangulia, ami yake akiwapo hai, harithi. Ndivyo ilivyo. Wazee wa baraza walinyamaza kimya, mimi nikanyamaza. Yule mkubwa, labda miaka 17, aliniuliza kwa adabu kabisa: "Mheshimiwa, kwa hiyo sisi tulikuwa nani?"

Lile swali sikuwa na jibu lake. Babu yake ndiye alikuwa na jibu, mistari miwili tu: nawausia wajukuu zangu fulani na fulani, ndani ya theluthi yangu, mashua ile ndogo. Kauli hiyo isingemvunjia mtu fungu lake. Mtoto uliyemlea ambaye si wa damu, mtoto wa mkeo aliyekuja naye, ndugu wa dini nyingine: hao wote mlango wao ni theluthi. Na kama unataka kumpa binti yako mmoja aliyekuuguza, usingoje wosia, maana huyo ni mrithi. Mpe hiba, yaani zawadi, ukiwa hai, apokee, akabidhiwe kweli. Hiba ya "nyumba ni yako lakini funguo ninazo mimi mpaka nife" itakuja kubishaniwa.

Kwa upande wa mila, nazungumza na kina baba. Sheria ile ya mila ya 1963 ilimruhusu mwanamke kuirithi ardhi ya ukoo kwa kuitumia tu, si kuiuza. Mnamkumbuka Holaria Pastory wa Muleba, Kagera? Baba yake alimwachia shamba kwa wosia halali. Alipozeeka, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Kesho yake, sikiliza, kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake akawa yuko Mahakama ya Mwanzo anasema mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema ubaguzi huo hauwezi kukaa pamoja na Haki za Binadamu zilizomo kwenye Katiba. Watu wengi wanaisifu kesi ile kwa ajili ya jaji, na wana haki. Mimi huwa namfikiria baba. Mzee wa zamani kule Muleba, aliyekaa chini akaandika kwamba shamba hili namwachia binti yangu.

Na kuwasubiri majaji ni kazi ndefu. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba zao walikwenda Mahakama Kuu, iliyokiri mwaka 2006 kwamba mila ile inabagua lakini haikuifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ikawapa haki mwaka 2015. Miaka yote hiyo wako nje ya nyumba zao.

Tena, ukitaka kumnyima mrithi, kwa mila huwezi tu kuruka jina lake. Lazima useme wazi kwamba unamnyima, na utaje sababu, na sababu zenyewe ni chache na nzito: amezini na mkeo, kakushambulia wewe au mama yako, kakutupa kwenye njaa au ugonjwa bila udhuru. "Hanipigii simu" haimo. Na usirithishe kisicho chako. Kuna mzee aliandika "nyumba yangu" mara sita kwenye ukurasa mmoja, na risiti zote za bati na saruji zilikuwa za mkewe.

Haya, nani atatekeleza? Hapa naomba niseme kwa sauti kubwa kidogo. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Semeni nami. Msimamizi wa mirathi si mrithi! Mama wa nyuma sijakusikia. Si mrithi!

Niliwahi kumteua ami mmoja, mtu mzima, kofia safi, muhtasari wa kikao cha ukoo umetimia sahihi. Marehemu alikuwa dereva wa basi, aliacha mjane na watoto wanne, mdogo ananyonya. Fedha za marehemu zikatoka. Kanuni zinamtaka msimamizi alete mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5, ndani ya miezi minne, kisha hesabu kwa Fomu namba 6. Mwezi wa nne ukapita. Wa sita ukapita. Nikamwita. Akaja na pikipiki mpya, kaiegesha pale pale chini ya mwembe. Nikamuuliza fedha za watoto ziko wapi. Akanyoosha kidole nje dirishani. "Hiyo, Mheshimiwa. Na nyingine mbili ziko barabarani." Kadi za pikipiki zote zilikuwa na jina lake. Na haki ya Mungu, mtu yule hakudhani ameiba. Alidhani mahakama imempa.

Tulimwondoa. Fedha nyingine hazikurudi.

Wosia ungemtaja msimamizi ambaye marehemu mwenyewe anamjua. Na kwa watoto wadogo ungefanya zaidi ya hapo, ungeweka amana. Watu husikia amana wanadhani ni mambo ya matajiri wa Oysterbay. Jamani, sisi watu wa pwani tunaijua amana kabla ya wanasheria kufika. Wakfu ni nini? Ni mali iliyofungwa: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, faida yake ndiyo inayokwenda kwa uliowakusudia. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia nyumba ambazo waliozifunga wamekufa zamani na kodi bado inaingia. Mkristo au yeyote anaweza kufanya kwa hati ya amana kupitia wakili: mali unaikabidhi kwa wadhamini, unaandika ni ya nani, itumike kwa nini, na mtoto akabidhiwe akifika umri gani. Mimi ushauri wangu ni mmoja: wadhamini wasiwe chini ya wawili, na wasiwe marafiki sana. Wawe watu wanaokaguana.

Sasa kuna jambo linalochanganywa mno, nalo ni hati ya uwakilishi, ile inayoitwa nguvu ya kisheria. Hii ni karatasi unayompa mtu akufanyie jambo kwa jina lako wakati upo hai lakini hupo hapa. Uko safarini, uko kazini Dar es Salaam, uko Muscat. Iwe imeandikwa, imeshuhudiwa, itaje kazi gani hasa, na ikiwa inahusu ardhi yenye hati isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Usiandike "afanye lolote kuhusu mali zangu". Andika: auze kiwanja namba fulani, kwa bei isiyopungua kadhaa, fedha aziingize akaunti fulani.

Na mtu akifa, hati ile nayo inakufa. Wengi hawajui hilo, na wengine wanajua wananyamaza. Kijana mmoja alikuwa Omani kikazi, akampa kaka yake hati auze kiwanja. Akafariki huko siku ya Alhamisi. Jumamosi kaka akauza kiwanja. Mnunuzi hakuwa mgeni wa habari: alikuwa amekaa naye kwenye jamvi la msiba, wamekula ubwabwa sahani moja. Mjane alipokuja kwangu kufungua mirathi, kiwanja ndio ilikuwa mali pekee ya maana kwenye orodha. Ugomvi wa ardhi hauko chini ya Mahakama ya Mwanzo, ilibidi aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nauli yake na mtoto mgongoni. Kaka wa marehemu alikuwa anapunga ile karatasi hewani: "Sahihi si yake? Sahihi si yake?" Sahihi ilikuwa yake. Mwenye sahihi ndiye hakuwapo tena kuitumia.

Vivyo hivyo ile kadi ya benki ya baba, na namba ya siri unayoijua kwa sababu alikutuma kila mwezi. Alhamisi ulikuwa unatumwa. Ijumaa unachukua mali ya mirathi.

Nami nisijifanye mjuzi. Mganga hajigangi. Marehemu mume wangu alipata kiharusi, na akili yake ikaondoka kabla ya mwili. Miaka yote ile nimewafundisha watu mambo haya, sisi wawili hatukuwa na akaunti ya pamoja. Nilikwenda benki. Binti wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mama, pole, lakini siwezi." Nikamwambia, najua huwezi. Hata kama ningekuwa na hati ya uwakilishi, mtu akipoteza akili hati aliyoitoa haishiki tena. Ilibidi niende mahakamani kuomba niteuliwe kusimamia mali za mgonjwa. Nilikaa kwenye benchi la nje, mimi, na wale ninaowaambia kila siku wangoje. Dawa wakati huo tulinunua kwa michango yenu. Sijasahau.

Wosia wangu niliuandika baada ya arobaini yake. Nakala moja iko RITA, wakala wa serikali, ambao wanaandika na kuhifadhi wosia. Nakala nyingine iko kwa wakili. Watoto wangu hawajui kilichomo, lakini wanajua ilipo, na hilo la pili ndilo muhimu. Kuna familia iliukuta wosia wa mama yao ndani ya droo ya cherehani, mirathi ilishafungwa, nyumba ilishauzwa.

Namalizia, Mwenyekiti ananionyesha saa na harufu ya pilau nami inanifikia.

Shauri la mirathi fupi kuliko yote niliyowahi kusikiliza lilikuwa la mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Alikuwa na chumba na ukumbi, meza ya biashara, na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu mama aliuchukua usemi huo kama amri. Upande mmoja wa daftari: anaowadai. Upande mwingine: wanaomdai. Jina, kiasi, tarehe, vyote kwa wino wa bluu, na waliolipa amewapiga mstari. Kwenye ukurasa wa mwisho wosia wake, na mashahidi. Kulikuwa na doa la mafuta kwenye kona, unaona karatasi imekuwa kama kioo. Wadai walisimama mahakamani mmoja mmoja, kila mmoja akataja kiasi, karani akatazama daftari akaitikia kwa kichwa. Mmoja tu alitaja zaidi. Binti wa marehemu akasema, "Bwana, mama kaandika elfu nane." Yule bwana akasema, "Basi elfu nane." Akakaa.

Na sisi je? Jana nilikaa na katibu tukapitia fomu zetu za mteule, yaani yule ambaye chama kitamtafuta kwanza ukifariki. Nimeona wateule waliokufa. Nimeona fomu zilizoachwa wazi. Na kuna mwanachama, simtaji, mteule wake ni mtalaka wake wa zamani, na mke wa sasa amekaa naye hapa hapa ukumbini. Usigeuke, bwana. Ukigeuka watajua.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu, pamoja na ile karatasi ya masharti ya wosia. Hakuna chakula kwa ambaye hajajaza, nimekwisha kuongea na wapishi. Kalamu nimekuja nazo boksi zima, za wino. Asante sana.